Taa wa Kasindi na Salamanda wa Chemchemi

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Christa alishuka bondeni na bidoni ya lita kumi. Chemchemi ya mtaa wao, huko Butembo, ilijengewa ukuta wa saruji na bomba moja lililotoa maji mchana kutwa. Kando ya bomba alisimama Papa Vagheni, mwenyekiti wa kamati ya maji, pamoja na sheria zake: usiingie na viatu, usifue hapa, usimpite mwenzako, usipige kelele. Kama vyura wa kidimbwi kilichokuwa chini ya bomba wangekubali, Papa Vagheni angewapanga mstari nao pia.

Christa alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na alisoma mwaka wa sita. Darasani alikuwa wa kwanza, na alilijua hilo vizuri mno. Ungekaa naye dakika mbili, ungelijua na wewe. Lakini alikuwa na huzuni moja. Baba yake, Maliro, alifanya kazi ya kununua kakao mjini Beni, na msimu wa kakao ulikuwa umemzuia kurudi nyumbani kwa miezi minane. Walisikia sauti yake kwa simu tu, kila Jumapili baada ya misa.

Siku ya Alhamisi, lori liliwaletea furushi kutoka Kasindi. Kule mpakani alikaa mama mdogo Rébecca, ambaye aliuza samaki wa chumvi, wale wanaoitwa makayabo. Mama Solange, mama yake Christa, alilifungua furushi kwa furaha, akatoa samaki wa kwanza, akatoa wa pili, halafu akatupa kitu chini na kupiga yowe.

"Yesu wangu! Hii ni nini?"

Mdogo wake Christa, Shalom, aliyekuwa na miaka minne, alikimbilia nyuma ya mlango. Kitu chenyewe kilikuwa bapa kama sinia, kikavu, cheupe kwa chumvi. Kilikuwa na mkia mrefu mwembamba. Upande wa chini palikuwa na mdomo uliokaa kama unacheka, na juu yake matundu mawili yaliyofanana na macho. Papa Vagheni, aliyekuwa akipita njiani, alisikia yowe akaingia mbio. Alipokiona kitu kile alirudi nyuma hatua tatu.

"Mama Christa, hapana kugusa! Hii haiko samaki. Samaki gani iko na mukia ya fimbo? Hii ni shetani banaanika ku jua. Muiunguze!"

"Lakini njo Rébecca alituma," mama alisema, na koleo la jikoni mkononi.

Ndani ya furushi Christa aliona karatasi ndogo, akaisoma kwa sauti: "Hii ni samaki ya bahari. Wafaransa banaiitaka raie. Dereva moja wa lori njo alinipatia. Mwiba ya mukia nilishaikata, hapana kuogopa. Ni ya Christa, aonyeshe mwalimu wake."

Papa Vagheni alikwenda zake akitikisa kichwa. Hakuamini hata neno moja la karatasi ile.

Kesho yake Christa alimfunga samaki katika mfuko mtupu wa saruji, akaenda naye shuleni. Darasa lilipomwona, watoto wa mbele walirukia madawati ya nyuma. Mwalimu Esdras peke yake ndiye aliyefurahi, mpaka akasahau kuvaa miwani yake.

"Batoto, mukuye karibu! Mimi mwenyewe sijaonaka hii samaki, ila mu kitabu. Anaitwa taa. Ona, haya matundu mawili haiko macho, ni pua. Macho iko upande wa juu. Mudomo iko chini, ju ya kula vile viko ku muchanga. Na hapa, muhesabu."

Walihesabu. Kila upande, karibu na mdomo, palikuwa na mipasuko mitano midogo. Mwalimu aliwaeleza kwamba maji hutokea hapo samaki anapopumua. Kisha aliwaambia washike masikio yao na kuyakunja. Darasa zima likakunja masikio.

"Umeona vile sikio inajikunja bila kuvunjika? Ile ni gegedu. Taa hana hata mufupa moja. Mwili yake yote iko juu ya gegedu."

"Mwalimu, hii ni aina gani ya taa?" Joyeuse aliuliza. Joyeuse alikuwa rafiki wa Christa, wa pili darasani, naye hakuwa mwepesi wa kusema.

"Sijuwe," mwalimu alijibu. "Chumvi imefuta rangi. Mu kitabu muko taa moja wa madoa ya buluu. Pengine ni yeye, pengine haiko yeye. Donc basi, sitasema kitu sina hakika nacho."

Shule ile ilikuwa na kitabu kimoja tu cha wanyama, na kitabu hicho kilikuwa na desturi yake. Mwanafunzi mmoja alipewa akae nacho kwa siku mbili. Aliunakili ukurasa wote kwenye karatasi kubwa, karatasi ikabandikwa ukutani, na wengine wakanakili kutoka kwake. Walichosoma wote ndicho kile ambacho mmoja alikuwa amekiona kitabuni. Safari hii mwalimu alimpa Christa.

"Mu kitabu kuko ukurasa moja inalinganisha banyama babili," mwalimu alisema. "Taa wa madoa ya buluu na salamanda wa moto. Christa ataiandika. Nyinyi bote mutafanya devoir, kazi ya nyumbani. Mwenye ameona taa na macho yake, naye tumemwona leo, nampa pointi tano. Mwenye ataona na salamanda na macho yake, nampa tano zingine. Wa kwanza ataenda Beni mwezi huu, ku mashindano ya masomo."

Beni! Moyo wa Christa uliruka. Aliona stendi ya Beni kana kwamba amefika, na baba yake amesimama pale na kofia yake ya majani.

Alasiri hiyo alikaa mlangoni kwao, kitabu mapajani, akasoma. Salamanda wa moto alikuwa mnyama mdogo mweusi mwenye mabaka ya manjano, umbo kama mjusi lakini ngozi laini na yenye unyevu kama ya chura. Christa alishangaa kuona jinsi wanyama hao wawili, walioachana sana, walivyofanana kwa mambo kadhaa. Taa hatagi mayai, huzaa. Salamanda wa moto naye huzaa, na watoto wake huanza maisha majini. Taa ana sumu katika mwiba wa mkia, salamanda ana sumu katika ngozi. Na wote wawili wamepambwa rangi kali, ili adui aone na kujihadhari. Tofauti nazo zilikuwepo: mmoja ana gegedu, mwingine ana mifupa, mmoja hukaa baharini maisha yake yote, mwingine akikua hutoka majini akavuta hewa ya msituni.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, alishuka kuchota maji. Alipoinama kuinua bidoni yake, aliona kitu kikitembea kwenye tope la kidimbwi. Kilikuwa na miguu minne. Kilikuwa na mkia. Ngozi yake ilikuwa laini, yenye unyevu, ya kahawia iliyokolea. Christa aliduwaa, mdomo wazi, na maji yakamwagikia miguuni. Kabla hajainama vizuri, kile kiumbe kilijichimbia majanini kikapotea.

"Salamanda!" alisema peke yake. "Nimeona salamanda!"

Alipanda mlima mbio, akafungua kitabu kuhakikisha. Hapo ndipo alipouona mstari wa mwisho wa ukurasa, ulioandikwa kwa herufi ndogo chini ya picha: *Salamanda hawa huishi Ulaya, hawapatikani Afrika ya Kati.*

Aliusoma mara tatu. Basi kile alichokiona kilikuwa nini? Hakujua. Lakini pointi tano zilikuwa zinaondoka, na Beni ilikuwa inaondoka, na baba na kofia yake walikuwa wanaondoka. Christa alitazama huku na huku. Mama alikuwa shambani, Shalom alicheza na vifuniko vya chupa. Akachukua karatasi kubwa, akaandika ukurasa wote kwa mwandiko wake mzuri, upande mmoja taa, upande wa pili salamanda. Alipofika mstari wa mwisho, aliuacha. Mahali pake akaandika: "Mimi Christa nimemwona salamanda katika chemchemi yetu." Na chini akachora kiumbe chenye miguu minne na mkia, akakitia mabaka ya manjano ambayo hakuyaona kamwe.

Siku ya Jumatatu alisimama mbele ya darasa akasoma. Alipofika kwenye sumu ya ngozi, inayochoma macho na mdomo, watoto walishika vichwa.

"Mu chemchemi yetu?" Joyeuse aliuliza. "Ile tunakunywaka mayi?"

"Nilimwona na macho yangu," Christa alijibu. Na hapo, ni kweli, alikuwa ameona kitu.

Mwalimu Esdras alishangaa sana. Alisema ni ajabu, alisema ni lazima achunguze. Lakini mkuu wa shule alimwita ofisini, kitabu kikarudishwa kabatini, na mwalimu hakukifungua. Karatasi ikabandikwa ukutani. Watoto thelathini na tisa wakainakili, wakaenda nayo nyumbani.

Jumanne asubuhi Christa alishuka na bidoni yake kama kawaida, akakuta bomba limezibwa kwa gunzi la mahindi na matawi ya miiba yamelazwa mbele yake. Kwenye ukuta wa saruji palikuwa na neno moja la mkaa, herufi kubwa kuliko mtoto: SUMU. Papa Vagheni alisimama pembeni na fimbo.

"Hakuna kuchota! Batoto ya masomo bamesema. Kuko nyama ya sumu anatembea ndani, manjano na nyeusi. Mwenye atapita, nampiga."

Bidoni ilimponyoka Christa, ikabingirika hadi kwenye kidimbwi. Wanawake walikuwa tayari wanateremka na ndoo zao hadi mtoni, kule chini ambako vijana huosha pikipiki.

Jioni hiyohiyo Papa Vagheni alikuja nyumbani kwao akibeba nusu gunia la viazi kutoka shamba lake la Masereka. Akamsalimu mama kwa heshima, akamgeukia Christa.

"Wasingya, mutoto wangu," alimshukuru kwa Kinande, mkono kifuani. "Umetuokoa. Bila wewe, tungekufa bote na wajukuu yetu."

Mama Solange alifuta machozi ya furaha. Usiku ule walikula viazi vile, na Christa aliacha sehemu yake sahanini. Alijiambia atasema kesho. Kesho ikaja, hakusema. Alijiambia baada ya Beni atasema, kwani maji ya mto nayo si maji? Kadiri siku zilivyopita, ndivyo uongo ulivyozidi kuwa mzito kuutua.

Ijumaa asubuhi Shalom hakuamka. Alikuwa amejilegeza kitandani, macho yameingia ndani, midomo imekauka, na mkeka umelowa. Alikuwa ameharisha tangu alfajiri. Mama alipomwinua, kichwa chake kilianguka begani kama cha mtoto mchanga.

"Christa! Leta kitenge! Twende ku santé!"

Walipanda mlima mbio hadi kituo cha afya. Ukumbini walikuta mama watano, wote wa mtaa wao, na kila mmoja ana mtoto mgongoni. Muuguzi Godelive, mwanamke mnene mwenye sauti ya haraka, alimpokea Shalom, akamvuta ngozi ya tumbo na kuiachia. Ngozi haikurudi upesi. Akatikisa kichwa.

"Mutoto amekauka. Huyu ni wa sita leo, na bote banatoka fasi moja. Mama Christa, muko nakunywa mayi gani?"

"Ya mutoni."

"Ya mutoni! Kwenye banaosha bapikipiki?" Muuguzi Godelive aliacha mikono hewani. "Na ile chemchemi yenu muzuri? Ju ya nini mumeiacha?"

"Iko na nyama ya sumu," mama alisema. Na hata katika hofu ile, sauti yake ilikuwa na fahari kidogo. "Mutoto wangu huyu njo alimuona. Yeye njo wa kwanza mu darasa."

Wale mama watano walimgeukia Christa, wakamtikisia kichwa kwa shukrani. Yeye alimtazama Shalom. Muuguzi alikuwa akimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, tone kwa tone, na sehemu kubwa ilikuwa inateremka kidevuni. Alijiona mwovu, na hakukosea.

"Mama," alisema, "nilisema bongo, nilidanganya."

"Nini?"

"Kitabu inasema salamanda haiko huku kwetu. Iko Ulaya. Nilisoma ile mustari, nikaiacha. Nilitaka kwenda Beni. Nilitaka kuona Baba."

Mama Solange hakumpiga, hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, polepole. Mmoja wa wale mama alisema, "Eh! Eh! Eh!" akaziba mdomo kwa kitenge.

Muuguzi Godelive hakuacha kijiko. "Kulia utalia kesho," alimwambia Christa. "Sasa kimbia. Kuko bamama wengine banateka mayi ya mutoni saa hii."

Christa alikimbia hadi shuleni, akaingia darasani bila kubisha, akamwambia mwalimu yote mbele ya wenzake. Mwalimu Esdras alikwenda kabatini, akatoa kitabu, akavaa miwani, akasoma mstari wa mwisho. Uso wake ulibadilika. Alisoma tena, akavua miwani.

"Umeniumiza, Christa," alisema. "Lakini na mimi niko na kosa. Niliahidi pointi mbele ya kusoma ukurasa yote. Na karatasi yako niliibandika bila kuilinganisha na kitabu. Twende."

Walishuka bondeni, darasa zima nyuma yao. Papa Vagheni alikuwa palepale na fimbo yake, pamoja na wanawake kama kumi wenye ndoo. Christa alisimama mbele ya miiba akasema: "Mayi haina sumu. Mimi nilidanganya."

Alidhani watashangilia. Hawakushangilia. Walitazamana.

"Jumatatu ulisema iko," mwanamke mmoja alisema kwa ukali. "Leo unasema haiko. Tuamini ya gani?"

"Bamemulipa nini huyu?" mwingine aliuliza.

"Kitabu hii hapa," mwalimu alisema, akikiinua.

"Na juzi haikukuwa kitabu?" Papa Vagheni alijibu. "Batoto yenu njo walituletea kitabu. Tukaamini. Hapana, Mwalimu. Nimeshika hii source ya mayi miaka tisa, hakuna mutoto alikufa hapa. Sifungue."

Christa alishtuka kuliko siku zote. Hakuwahi kufikiri kwamba siku atakayosema ukweli watu hawataupokea. Akatazama kidimbwi. Pale penye tope, karibu na jani, kile kiumbe kilikuwa kimetoka tena, miguu minne, mkia mmoja. Na hakuwa na hakika ni nini. Kitabu kilisema si salamanda. Je, kama kitabu kimekosea? Je, kama ngozi ile inachoma kweli? Akamkumbuka Shalom na kijiko, akavua viatu, akaingia kwenye tope na kumkamata yule kiumbe kwa mikono miwili.

Watu walipiga yowe. Papa Vagheni aliangusha fimbo.

Kiumbe kilijinyonganyonga vidoleni, baridi, laini. Hakikuchoma. Christa alikiweka katika kopo alilopewa na Joyeuse, kisha akaosha mikono, akachomoa gunzi kwenye bomba, akakinga viganja na kunywa maji ya chemchemi mbele yao wote, mpaka yakamwagikia shingoni. Mwalimu Esdras naye akainama akanywa baada yake.

"Batazame bote," mwalimu alisema, akiinua kopo. "Haina manjano. Hii ni mutoto wa chura. Akitoka mu yai iko na mukia bila miguu. Halafu anaota miguu, na mukia iko bado. Saa ile anafanana kabisa na salamanda. Mukia itapungua, itaisha. Mukingoja siku chache, mutaona."

"Sawa," Papa Vagheni alisema baada ya kufikiri. "Mwenye anataka kuteka leo, ateke. Lakini hii nyama inalala kwangu. Mimi nitangoja mukia."

Wanawake waliangaliana. Mmoja akasogeza ndoo yake, wa pili akafuata, na maji yakaanza kugonga tena chini ya ndoo. Papa Vagheni alikwenda zake na kopo, akakimwaga kile kiumbe ndani ya beseni lenye maji na jiwe la kupandia. Kila asubuhi alisimama juu ya beseni lile na kuwatangazia wapita njia habari za mkia, bila hata kuulizwa. Jumamosi ulikuwa wa urefu wa kidole cha mwisho. Jumapili ulikuwa nusu yake. Jumatatu ulikuwa kama punje ya mahindi.

Jumapili hiyo baba alipiga simu. Christa aliomba kuzungumza wa kwanza, akamweleza kila kitu, bila kuacha mstari.

"Shalom anaendelea aje?" baba aliuliza.

"Anakunywa uji. Muuguzi amesema atapona."

"Tumushukuru Mungu. Beni hautakuya, unajua?"

"Najua, Baba. Niliomba Mwalimu afute jina yangu."

"Basi mimi njo nitakuya. Noël, siku ya kuzaliwa Yesu." Akakohoa. "Nimechoka na hizi mambo umeniambia. Lakini umeniambia weye mwenyewe. Nipatie mama yako."

Siku ya Jumatano mlango wa darasa uligongwa. Papa Vagheni aliingia na beseni kichwani, kofia mkononi, akaliweka juu ya meza ya mwalimu. Watoto walijazana. Juu ya jiwe alikaa chura mdogo wa kahawia, asiye na mkia hata kidogo. Alitazama darasa, akaruka, akatua juu ya daftari la Joyeuse.

Darasa zima lilicheka. Papa Vagheni hakucheka. Alikuwa akimtazama yule taa mkavu aliyetundikwa ukutani.

"Mwalimu, hii nayo ni kweli? Iko samaki kabisa?"

"Kabisa, Papa Vagheni. Shika sikio yako, uikunje."

Mzee akakunja sikio, na Mwalimu Esdras akamweleza habari za gegedu. Kisha mwalimu akawageukia wanafunzi, na sasa sauti yake haikuwa na mchezo.

"Muangalie hawa babili. Taa alikuya hapa na mwili yake, tukamukataa. Tulisema ni shetani, ju hatukumuzoea. Salamanda hakuwa hapa hata siku moja, tukamukubali mara moja, ju aliandikwa na mwandiko muzuri na mutoto wa kwanza. Ukweli haiangalie sura, wala haiangalie nani amesema. Uchunguze mbele ya kuamini. Na weye mwenye unashika kitabu kwa jina ya wengine, ujue wengine banaona kupitia macho yako. Ukifumba jicho moja, umewafumba bote."

Joyeuse ndiye aliyekwenda Beni. Kabla ya safari, Christa aliandika upya ile karatasi kubwa, mstari kwa mstari, na Joyeuse akakaa kando yake na kitabu, akilinganisha kila neno. Ule wa mwisho Christa aliuandika kwa herufi kubwa kuliko zote.

Jioni ya siku aliyomaliza kuiandika alirudi nyumbani na bidoni iliyojaa. Shalom alikuwa amekaa mlangoni, bado mwembamba, lakini macho yamerudi mahali pake. Christa alimwaga maji katika kikombe, akampa.

Shalom alikishika kikombe bila kunywa. "Christa, hii haina nyama?"

"Haina."

Mtoto alichungulia ndani ya kikombe. Halafu aligeuza kichwa, akamtazama mama yao kwanza, kuona kama atakubali.

Christa aliinamisha uso, machozi yakamlengalenga. Mama Solange aliacha kumenya viazi, akaja akamwekea mkono begani.

"Hapana kukasirika naye. Kusamehe, nilishakusamehe siku ile ile ku santé. Lakini kuaminiwa ni jambo ingine, mwana wangu. Mutu anaipoteza na neno moja, anairudisha na siku mingi. Umeona mukia ya ule chura? Haikuanguka siku moja."

Kisha akamtikisia Shalom kichwa. Shalom akanywa kikombe chote, akajifuta mdomo, akamrudishia dada yake.

"Ongeza," alisema.